Jogoo wa Shukrani

Watu wa vijijini humwita daktari kila mtu avaaye koti jeupe, na mimi, niliyekuwa tabibu wa meno tu, sikuwahi kuwakatalia. Nilifanya kazi hiyo miaka mingi katika wilaya za Tarime na Serengeti, nikipanda na kushuka barabara ile ya kwenda Mugumu inayopita Nyamongo na kuvuka Mto Mara. Meno niliyong'oa siwezi kuyahesabu. Lakini swali ninalotaka kuliweka mbele ya msomaji lilianza na gego moja tu, tena siku hiyo halikung'oka.

Nilikuwa kijana katika kituo kimoja cha afya. Akaja mzee mmoja asubuhi, amesafiri tangu alfajiri pamoja na mkewe. Gego la chini lilikuwa limemnyima usingizi siku nne. Nikamkalisha kitini, nikamwambia afungue kinywa, nikaona jino, nikavuta dawa ya ganzi katika bomba la sindano. Naam, niliona jino. Sikumwuliza ana ugonjwa gani, anameza dawa gani, wala kama amekula. Mkewe nilimwacha nje kwenye benchi kwa kuwa chumba kilikuwa kidogo.

Baada ya sindano mzee akaanza kutoka jasho la baridi, mikono ikamtetemeka. Nilidhani ni hofu, maana kuzimia kwa hofu ndiyo dharura itokeayo mara nyingi kuliko zote penye kiti cha meno: moyo hupunguza mwendo, mishipa hulegea, damu hushukia miguuni na ubongo hukosa sehemu yake. Tiba ni kumlaza mtu chali na kumwinua miguu, na aghalabu hurudi katika dakika moja au mbili. Nikamlaza. Na kwa ujinga wa ujana nikamwambia, "Jikaze mzee, wewe si mura?" Mura kwa Wakurya ni kijana aliyekwisha kutahiriwa, aliyesimama mbele ya kisu bila kupepesa jicho. Kumwambia mwanamume wa Tarime neno hilo akiwa katika taabu ni kumfunga mdomo. Hata kama alikuwa na la kuniambia, asingelisema tena.

Dakika zikapita, hakurudi. Akaanza kusema maneno yasiyo na mpango. Ndipo akaingia mama mmoja, mwuguzi wa siku nyingi, kuchukua pamba. Akamtazama mzee, akatoka bila kunisemesha, nikamsikia akiuliza pale nje, "Mama, mzee ana sukari?" Alikuwa nayo. Alimeza vidonge vyake alfajiri kama alivyoelekezwa, na hakula kitu, kwa sababu jirani alimwambia kwamba mtu wa kung'olewa jino haendi na chakula tumboni. (Kwa ganzi ya sindano si kweli, lakini nani alikuwa amemweleza?) Dawa ilikuwa inashusha sukari ambayo tayari ilikuwa chini. Kwa bahati bado aliweza kumeza. Mwuguzi akamketisha, akamnywesha chai yenye sukari nyingi, kidogo kidogo. Angekuwa amepoteza fahamu kabisa, ingebidi sukari ipitishwe kwenye mshipa, maana kinywaji kingeweza kumwingia mapafuni. Haikupita nusu saa mzee akauliza tuko wapi. Mwuguzi akamlisha, kisha akakataa katakata asiondoke, kwani vidonge vya namna ile huendelea kushusha sukari kwa saa nyingi na mtu aweza kuanguka tena njiani.

Siku ya tatu walirudi wote wawili, mzee ameshiba ugali, mkewe amebeba jogoo mwekundu. Gego likang'oka bila taabu. Yule mama akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema nimemrudishia mume wake. Nikampokea jogoo.

Je, mtu anastahili shukrani kwa kumtoa mwenzake katika shimo ambalo yeye mwenyewe aliacha kulifunika? Rafiki niliyemsimulia alinijibu kwamba kosa si langu, vidonge ndivyo vilivyoshusha sukari, na mgonjwa naye alikuwa na wajibu wa kusema. Jibu hilo lilinifariji kwa muda, kisha likanichosha. Mwenye jino hajui kwamba sukari yake inahusiana na jino. Mimi nilijua, nilifundishwa darasani. Ukimya wa asiyejua na ukimya wa ajuaye haviwezi kupimwa kwa mizani moja.

Lakini kuna jambo lililonisumbua zaidi, nalo lilinijia usiku. Juma lile niliwahudumia wengine wengi, nao sikuwauliza. Hawakuanguka, wakaenda zao wakitabasamu na pamba midomoni. Kama nina hatia kwa mzee kwa sababu alianguka, basi dhamiri yangu ni kama bahati nasibu. Na kama nina hatia kwa sababu sikuuliza, basi niliwakosea wote sawasawa, hata wale walionishukuru, hata wale ambao sura zao nimezisahau. Mimi naelekea upande huu wa pili, ijapokuwa ni mzito.

Kando ya ziwa, sehemu iliyokuwa ya Tarime na ambayo tangu mwaka 2007 ni wilaya ya Rorya, niliwaona wazee wa Kijaluo wasio na meno sita ya mbele ya chini. Waling'olewa ujanani kwa mila. Maelezo mojawapo ya mila hiyo ni kwamba mtu akikazana taya kwa ugonjwa apitishiwe uji kwenye pengo. Sisemi mila hiyo irudi, la hasha. Nasema tu kwamba wazee wale waliifikiria dharura kabla haijafika, na mimi mwenye cheti sikuifikiria.

Tangu hapo nikawa mtu wa maswali. Umekula nini? Unameza dawa gani? Uliwahi kuanguka, una kifafa, una pumu, kuna dawa iliyowahi kukudhuru? Nikaweka kisanduku chenye adrenalini, sukari, aspirini na dawa ya pumu. Furaha yangu ilikuwa kuzitupa dawa zilizokwisha muda wake bila kuguswa.

Miaka kadhaa baadaye nilikutana na mzee mnadani, Mugumu, nikamwambia ukweli wote. Akacheka. "Sasa unataka kunirudishia jogoo?" Kisha akatulia, akasema, "Mwanangu, mimi nilijua nina sukari, wewe hukujua." Akajitwika mzigo wangu hivi hivi, kana kwamba ni gunia la mtu wa njiani, akaendelea kuangalia ng'ombe. Nilitamani anigombeze.

Na yule mwuguzi aliyestahili jogoo alikuwa amekwisha kustaafu na kurudi kwao. Siku ile tulipomchinja sikumpelekea hata paja.