Harufu Iliyoondolewa

Ndugu zangu, naanza na kopo. Kopo la bati, limefungwa barabara, ndani yake mna punje zilizofyonza sumu ya sianidi. Jina lake Zyklon B. Wajerumani walilitengeneza baada ya Vita Kuu ya Kwanza ili kuua chawa, kunguni na panya katika meli, maghala na mabweni. Kwa kuwa sumu ile humuua mtu upesi, watengenezaji walitia ndani yake kemikali ya kuwasha macho na pua, ili aliye karibu ashtuke akimbie. Hiyo ilikuwa rehema ndani ya kopo. Ilimwambia mtu: toka, hii haikukusudiwa wewe.

Ikafika siku mteja akaagiza makopo yasiyo na onyo hilo.

Hapo ndipo ninapowaomba msimame nami. Mteja alikuwa SS, jeshi la Hitler lililosimamia kambi za mauti. Kampuni ya Degesch ikalipokea agizo, mizigo ikapakiwa, karani akaandika ankara. Ankara za mwaka 1944, za shehena zilizopelekwa Auschwitz na Oranienburg, zilifikishwa mahakamani Nuremberg. Mtu aliketi mezani, akaandika kilo na bei.

Na kule kwenye kambi ya Auschwitz-Birkenau, akina mama walishuka kwenye mabehewa wakiwa na watoto mikononi. Wakaambiwa wanakwenda kuoga. Wakaambiwa watundike nguo zao na wakumbuke namba ya msumari, wapate kuzichukua wakitoka. Mlango ukafungwa. Punje zikamiminwa kutoka juu. Kati ya Mei na Julai 1944 peke yake, Wayahudi zaidi ya 400,000 waliletwa hapo kutoka Hungaria, na wengi wao hawakuiona jioni ya siku waliyofika. Kambi hiyo moja iliua watu wapatao milioni 1.1, karibu milioni moja wakiwa Wayahudi. Kambi za Treblinka, Sobibor na Belzec hazikuhitaji hata kopo. Huko moshi wa injini ulielekezwa vyumbani kwa bomba.

Mnauliza moyo wa binadamu unafikaje huko? Kabla ya kopo kulikuwa na ulimi. Kwa miaka mingi Wanazi walimwita Myahudi chawa, panya, tauni, gazetini na mabangoni, mbele ya watoto wa shule. Mtu akishaitwa chawa, nani atashangaa akiletewa dawa ya chawa? Sisi wa Maziwa Makuu tunaijua njia hiyo. Mwaka 1994 huko Rwanda redio ya RTLM iliwaita Watutsi inyenzi, yaani mende, na mapanga yakafanya kazi.

Msiniambie hakuna aliyejua. Askofu von Galen alipanda mimbarini Münster tarehe 3 Agosti 1941 akalaani mauaji ya wagonjwa wa akili na walemavu, waliokuwa wakiuawa kwa gesi ndani ya Ujerumani yenyewe. Mwezi huohuo Hitler akaamuru mpango ule usimamishwe, ijapokuwa mauaji yaliendelea kwa siri. Mimbari ilikuwa na nguvu basi! Lakini kwa ajili ya Myahudi mimbari nyingi zilinyamaza. Padri Bernhard Lichtenberg wa Berlin aliwaombea Wayahudi hadharani, akakamatwa, akafa mwaka 1943 akiwa njiani kupelekwa Dachau. Ningependa kuwatajia majina mengi ya namna yake. Ni machache, na uchache huo ni aibu yetu sisi tunaobeba Biblia.

Yupo pia Kurt Gerstein, Mkristo aliyevaa sare ya SS. Agosti 1942 alisimama Belzec akaona watu wakisongamana chumbani huku injini ikikataa kuwaka, nao wakingoja kifo chao kwa saa nzima na zaidi. Akiwa kwenye treni kutoka Warsaw kwenda Berlin alimkuta mwanadiplomasia wa Sweden, Göran von Otter, akamweleza yote usiku kucha huku akilia. Habari ikafika Sweden. Ikakaa huko, wala dunia haikutangaziwa. Na zile ankara za 1944 nilizozitaja ziliandikwa kwa jina la Gerstein huyohuyo. Alipiga kelele, na sumu ikaendelea kupita mikononi mwake. Simhukumu kwa wepesi, lakini siwezi kulala nikimfikiria.

Leo wapo wanaosambaza kwenye simu maneno kwamba vyumba vya gesi havikuwapo. Mpendwa, anayekutumia maneno hayo anawaua wafu mara ya pili. Rudolf Höss, mkuu wa Auschwitz, alikiri mwenyewe kabla ya kunyongwa mwaka 1947. Bruno Tesch, mfanyabiashara wa Hamburg aliyeuza makopo yale akijua yatumikavyo, alinyongwa mwaka 1946. Hakuwahi kulifungua hata moja juu ya paa la Birkenau. Aliuza tu.

Kwa hiyo nakusihi wewe karani, wewe dereva, wewe mfamasia, wewe mchungaji mwenzangu: neno la kumfanya jirani yako mdudu likitamkwa mbele yako, likatae papo hapo, hata likitoka kwa mkubwa wako. Na likifika mezani kwako agizo la kuondoa onyo, usilitie sahihi.