Kamera Niliyoingoja

Kwa miaka mingi nilidunduliza fedha za kamera ya ufundi itumiayo filamu pana ya 120. Lenzi yake hupandishwa peke yake huku kamera ikibaki wima, hata kuta za jengo refu zisionekane kuegemeana. Nilitaka kulipiga picha Jumba la Maajabu la Zanzibar, lililojengwa 1883, kwa heshima yake. Kamera yangu ndogo niliiona haistahili. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba ikaporomoka, ikaua watu wawili.

Fedha ninazo bado. Je, nililiheshimu jumba, au nilijiheshimu mwenyewe? Picha moja ninayo, nguzo zimeinama, mpwa wangu anacheka mbele yake. Muuzaji amenipigia simu tena. Sijamjibu.