Sala kwa Mtekaji na Mateka

Kila tarehe 2 Novemba, Kanisa linapowaombea marehemu wote, mimi hurudiwa na swali moja: mtu aliyezaliwa na damu ya mtekaji na damu ya mateka amwombee nani kwanza?

Bibi yangu mzaa baba alikuwa Mtuta wa Runzewe. Watuta ni tawi la Wangoni, waliong'oka kusini mwa Afrika enzi za vita vya Shaka wa Wazulu. Kiongozi wao Zwangendaba aliwavusha mto Zambezi mwaka 1835, wake kwa waume, watoto na ng'ombe, hadi wakafika Ufipa. Alipofia huko miaka ya 1840, watu wake waligawanyika, na kundi moja likashika njia ya kaskazini, likaingia Unyamwezi.

Nchi hiyo ndiyo iliyopitiwa na misafara ya pembe. Wapagazi nao walisafiri mbali, lakini mpagazi wa Kinyamwezi aliyetoka Tabora kwenda Bagamoyo aliacha nyuma shamba na mji wake. Alirudi kwao, akabaki Mnyamwezi. Mtuta hakuwa na pa kurudi. Alikotua aliteka watu: vijana wakafundishwa mkuki na ngao, wasichana wakaolewa, na baada ya miaka michache aliyetekwa jana naye akaenda kuteka. Hivyo ndivyo watu wale walivyoongezeka njiani.

Mama yake bibi alikuwa Msumbwa, aliyechukuliwa akiwa binti mdogo. Akapewa jina la Kituta, akaolewa na shujaa wa Kituta. Jina alilopewa na wazazi wake halikutufikia.

Wapo wazee wasemao kwamba ndoa imeyamaliza, sote sasa tu ndugu. Undugu naukubali, maana bila huo mimi nisingekuwepo. Ila ndoa ile ilizaa watoto, haikuzaa haki. Wala msamaha si wangu kuutoa kwa niaba ya binti yule. Yeye ndiye anayedai, na Mungu ndiye hakimu.

Basi humwombea yeye kwanza, bila jina, kwa kuwa Mungu analijua. Kisha humwombea mumewe, kama mtu anayehitaji huruma kuliko wote. Na wajukuu wangu nimewafundisha kuuhesabu ukoo wetu kuanzia kwa binti wa Kisumbwa aliyetekwa, ndipo wamtaje shujaa wa Kituta.