Alama ku Ngozi: Mapendo ao Mateso?

Wengi wetu tukisikia dawa ya Kichina, tunawaza sindano tu. Kumbe sindano haitembei peke yake. Hata jina lake, zhenjiu, liko na maneno mawili: sindano na kuchoma. Kule kuchoma ni kuleta joto karibu na ngozi kwa majani makavu ya jamii ya artemisia, ile wengi kwetu wanaijua kwa chai yake. Tena kuna tuina, maana yake kusukuma na kushika: munganga anakanda mugongo, shingo na viungo. Kuna vikombe: moto unapita ndani ya kikombe, hewa inapunguka, kiisha ngozi inavutwa juu na kubaki na duara nyekundu. Na kuna gua sha: wanapakaa mafuta, wanakwangua ngozi kwa kijiko ao kipande cha pembe ya nyati, mpaka mistari myekundu inatokea.

Hapo ndipo tunataka kusimama kidogo. Dawa hizi zinaacha alama. Je, mukono unaoumiza unaweza kuitwa mukono wa mapendo?

Swali hili si la kucheza. Mwaka 2001 Zheng Xiaolong, mutengeneza filme wa China, alilionyesha katika filme yenye jina la Gua Sha. Babu amefika Marekani, mujini St. Louis. Mujukuu anaumwa tumbo, babu anamukwangua mugongo sawa vile alivyozoea kwao. Wakubwa wanaona mistari ile, wanasema mutoto ameteswa, wanamutenga na wazazi wake. Babu alifanya kwa mapendo. Wale wakubwa nao walitaka kulinda mutoto. Nani alikosa?

Sisi watu wa Congo hatuwezi kusoma habari hii kama ya wageni. Wazee wetu nao wanajua kuumika: wanachanja ngozi kidogo, wanaweka pembe, wanavuta damu. Wangapi kati yetu wako na chale ndogo ku mugongo ao ku kifua, walizochanjwa wakiwa bado wadogo? Mutu wa mbali akiziona anaweza kusema: hawa wazazi ni wabaya. Lakini sisi tunajua usiku ule mama hakulala.

Wengine watasema: kila kinachoumiza mutoto ni kibaya, basi. Hapana. Sindano ya chanjo inaliza mutoto, na hakuna mutu wa akili anayeiita mateso. Kwa hiyo maumivu peke yake si zambi. Lakini wengine watasema: ni desturi ya mababu, musiiguse. Hapana tena. Wembe mumoja ukipita ku ngozi za watu watano, unaweza kubeba SIDA na ugonjwa wa maini, na mababu hawatakuja kutusaidia. Mapendo ya mama hayasafishi wembe.

Wachina wenyewe walibishana. Mwaka 1929 waganga fulani wa kwao, waliosoma dawa ya kizungu, walileta shauri ya kuondoa dawa ya zamani. Waganga wa zamani wakakataa kwa nguvu, na dawa yao ikabaki. Siku hizi watafiti wanapima. Kwa maumivu ya mugongo na shingo, kukanda na vikombe vinaweza kupunguza maumivu kwa muda, ijapokuwa ushuhuda wake bado hauna nguvu sana. Lakini malaria haitoki kwa kukwangua. Mwenye kuchelewesha mutoto wa homa kali ku hospitali kwa sababu ya kikombe, huyo ameacha mapendo njiani, hata kama moyo wake ni muzuri.

Basi tunaona mambo matatu. Kwanza, mukono uwe na sababu inayoweza kuelezwa na kupimwa, si «tulikuta hivi» tu. Pili, ujue mupaka wake na ukubali kusimama. Mutu mukubwa anaweza kusema «inatosha, munganga». Mutoto hawezi, kwa hiyo kwake tuwe na woga mara mbili. Tatu, na hili ni la wale wanaohukumu: uliza mbele ya kuhukumu. Katika filme ile, Mumarekani mumoja rafiki ya ile familia alikwenda mwenyewe kukwanguliwa mugongo, apate kuelewa. Hiyo ndiyo heshima.

Zaidi ya miaka 1300 iliyopita, munganga Sun Simiao aliandika kwamba munganga muzuri hatazami kama mugonjwa ni tajiri ao maskini, wa kwao ao mugeni. Wote awaone kama ndugu zake. Tunaongeza neno moja tu: ndugu yako akikuuliza «unanifanyia nini, na kwa nini?», usikasirike. Umujibu. Desturi inayokubali kuulizwa itadumu kati ya watoto wetu. Ile inayokataa, wataiacha wao wenyewe.