Bando la Shangazi

Shangazi yangu wa Pangani anauza samaki wa kukaanga, na kila Jumamosi jioni hufungua simu kutazama akiba yake katika chama chao cha akiba na mikopo. Ukurasa anaoufungua niliutengeneza mimi. Siku moja nilimkuta barazani, simu mkononi, kile kiduara cha kusubiri kikizunguka. Kilizunguka mpaka ukaingia ujumbe kwamba bando limekwisha. "Mwanangu," akaniambia, "hela yangu mwenyewe, mbona nalipia kuitazama?"

Nilirudi Tanga nikaupima ukurasa, jambo ambalo kwa miaka miwili sikuwahi kulifanya. Ukurasa wa kuonyesha namba moja ya salio ulikuwa na faili 41 za JavaScript, megabaiti 2.4. Seva yetu ilikuwa bado inatumia HTTP/1.1, na kwa njia hiyo kivinjari huchota faili kama sita tu kwa wakati mmoja. Nyingine zinapanga foleni. Ndani ya faili zenyewe nikakuta maelezo niliyojiandikia mimi, mistari mitupu, majina marefu kama salioLaMwanachamaLeo. Mashine haina haja navyo. Shangazi alikuwa akininunulia nafasi tupu.

Dawa yake si ngeni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Douglas Crockford alitoa JSMin, kiprogramu cha kufuta maelezo na nafasi zisizo na kazi. Leseni yake ina sharti kwamba kitumike kwa wema, si kwa uovu. Nilipolisoma mara ya kwanza nilicheka: kufuta nafasi nako kuna uovu gani? Zana za leo huyakata majina yenyewe yakabaki herufi moja, tena huunganisha faili nyingi ziwe moja. Kwa mfano, maktaba ya msimbo iitwayo jQuery, toleo la 3.6, ina takriban kilobaiti 290. Ikiminywa inabaki 90, na seva ikiibana kwa gzip inashuka hadi karibu 30. Kazi yake haipungui. Mafundi wa kazi hii tunasema kuminifai na kubando, na sijui nani alipanga neno bando liangukie kwangu na kwa shangazi pia.

Niliyafanya hayo kwa jioni moja, nikajiona nimetubu.

Kesho yake nikachungulia kilichomo ndani ya lile furushi. Mlikuwa na maktaba nzima ya kuchora grafu, na grafu zenyewe tulishaziondoa mwaka wa kwanza. Nilikuwa nimeukunja vizuri mzigo usiostahili kubebwa. Isitoshe, sasa kila kitu kilikuwa faili moja, kwa hiyo nikibadili rangi ya kitufe tu, simu za wanachama wote zinashusha furushi zima upya.

Baada ya alasiri nilimwendea sheikh aliyenisomesha chuoni. Nilikwenda na jibu langu mfukoni: hii ni israfu, kosa baina yangu na Mola wangu, kama kumwaga maji ya udhu, ambayo tulifundishwa tusiyafuje hata tukiwa mtoni. Sheikh hajui JavaScript ni nini. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Maji ya mto hayana mwenyewe. Bando lina mwenyewe."

Nikajitetea kwamba shangazi aliufungua ukurasa kwa hiari yake, hakushikwa mkono.

"Aliujua uzito wake kabla hajaufungua?"

"Hakuujua."

"Mteja akimpelekea fundi cherehani yadi tano, nguo ikaisha kwa tatu, zile mbili za nani?"

"Za mteja."

"Na fundi akizikatakata kwa uzembe, bila kukusudia?"

Nilinyamaza. Jibu nilifundishwa na yeye mwenyewe: kukosa kusudio kunaondoa dhambi, hakuondoi fidia. Jambo langu lilikuwa limehama kutoka israfu kwenda haki za waja, na huko istighfari peke yake haitoshi mpaka mwenye haki arudishiwe au asamehe.

Bado nafsi yangu ilibisha. Kwa bei ninayonunua mimi, shilingi 2,000 kwa gigabaiti, megabaiti 2 za ziada ni shilingi 4. Nani atasimama Siku ya Hesabu kudai shilingi 4? Lakini kumbukumbu za seva zilionyesha kwamba ukurasa ulishushwa mara 9,000 hivi. Hizo ni gigabaiti 18, shilingi 36,000, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa. Nadhani udogo wa fungu la kila mtu ndio ulionificha. Ningemchukulia mtu mmoja 36,000, angenifuata mpaka nyumbani.

Wengi wao siwajui. Sheikh alinikumbusha kanuni ya mali ambayo mwenyewe hapatikani: inatolewa sadaka kwa niaba yake. Nimeitoa. Grafu nimezing'oa, maktaba zisizobadilika nimezitenga na msimbo wangu ili simu izihifadhi, na ukurasa sasa una kilobaiti 210. Faili za asili, zenye maelezo na majina yake marefu, zimebaki kwenye kompyuta yangu, maana huko zinanisaidia na hazimgharimu mtu.

Shangazi nilimwomba radhi uso kwa uso. Zile shilingi nne nne alinisamehe palepale. Bando la Jumamosi ile amekataa kulisamehe. Nimemnunulia la wiki nzima.