Mtu wa Kwanza Hakuzaliwa

Watoto huuliza mtu wa kwanza alikuwa nani, na sisi watu wazima hulipokea swali hilo kana kwamba jibu lipo, limefukiwa tu mahali fulani katika Bonde la Ufa likingoja sururu ya mwanaakiolojia. Nashikilia kwamba jibu halipo, na si kwa sababu visukuku ni vichache. Hata tungepata mifupa ya kila kiumbe kilichowahi kutembea Afrika Mashariki, tukaipanga mezani kwa tarehe zake, mtu wa kwanza asingeonekana, kwa kuwa hajawahi kuwapo.

Tuanze na nasaba. Pwani wapo wazee wanaoitaja yao vizazi na vizazi bila kukwama, fulani bin fulani bin fulani. Tuseme yako tunaiandika kwa upande wa mama: mama yako, mama yake, mama wa huyo, kurudi nyuma miaka milioni sita au saba hadi kwa yule bibi tunayemchangia na sokwe. Tukikadiria miaka 20 kwa kizazi, daftari litajaa majina 300,000 na zaidi. Sasa mpe mtu kalamu nyekundu umwambie apige mstari, wanyama wakae juu yake na watu chini yake. Popote atakapoupiga atakuwa amemtenga mama na binti yake wa kumzaa, aliyemnyonyesha na kumbeba, waliofanana sura na mwendo. Hakuna mama aliyewahi kuzaa mtoto wa spishi nyingine. Na bado jina la kwanza na la mwisho katika daftari hilo ni la viumbe wawili tofauti kabisa.

Wataalamu nao wameishika kalamu hiyo. Julai 1959, katika bonde la Olduvai, Mary Leakey aliona fuvu lililopewa jina la Zinjanthropus, la miaka kama milioni 1.75. Palikuwa na zana za mawe karibu, kwa hiyo yeye na mumewe Louis waliamini wamempata fundi wake. Muda si mrefu bonde lile lile likatoa mifupa ya kiumbe mwingine, mwenye meno madogo zaidi na ubongo mkubwa zaidi. Mwaka 1964 Louis Leakey, Phillip Tobias na John Napier walimtangaza kuwa ni mtu: Homo habilis. Kikwazo kilikuwa kipimo. Mwanaanatomia Arthur Keith alikuwa ameweka kiwango kwamba ubongo usiofika sentimita za ujazo 750 si wa mtu, na wa kiumbe huyu ulikadiriwa chini ya 700. Wakakishusha kiwango hadi 600, naye akaingia. Mfupa haukubadilika hata chembe. Iliyobadilika ni kanuni. Sisemi walidanganya. Walikuwa na hoja nzito kuhusu mkono, meno na mkao wa mwili. Ila 750 haikuwa imeandikwa kwenye mfupa wowote, wala 600.

Wengine walitegemea zana: mtu ni yule atengenezaye vyombo vya kazi. Mwaka 1960 huko Gombe, Kigoma, Jane Goodall alimwona sokwe aliyemwita David Greybeard akiingiza kijiti cha nyasi kwenye tundu la kichuguu, akisubiri mchwa waking'ang'anie, kisha akikichomoa taratibu na kuwala. Baadaye aliwaona sokwe wakipukuchua majani ya kitawi ili kiingie vizuri. Louis Leakey alipopata habari hizo alijibu kwamba sasa itabidi ama zana ielezwe upya, ama mtu aelezwe upya, ama sokwe wakubaliwe kuwa watu. Ushahidi uliofuata ulizidi kuivunja nguvu hoja ya zana. Huko Lomekwi, magharibi ya Ziwa Turkana, yamepatikana mawe yaliyochongwa miaka milioni 3.3 iliyopita, ilhali taya kongwe kuliko yote lililowekwa katika jenasi yetu, kutoka Ledi-Geraru nchini Ethiopia, lina miaka milioni 2.8. Na nyayo za Laetoli, zilizokanyagwa katika majivu ya volkano miaka milioni 3.66 iliyopita, zinaonyesha viumbe wakitembea wima kama sisi, nao walikuwa na ubongo wa kukadiriwa theluthi moja ya wetu. Miguu ilitangulia, mawe yakafuata, ubongo ukaja nyuma. Hayakuja siku moja, wala zama moja.

Yuko atakayesema kwamba, kama mstari haupo, basi mtu ni jina tu. Siafiki. Sheria za Kenya na Tanzania zinamhesabu mtu kuwa mzima afikapo miaka 18, na hakuna daktari atakayekuonyesha mwilini mwake kilichotokea usiku ule wa kuamkia siku ya kuzaliwa. Mstari ni wetu, tumeuweka kwa ajili ya kazi zetu. Lakini utofauti wa mtoto mchanga na mtu mzima hatukuubuni sisi. Ndivyo ilivyo kwa ubinadamu: ni jambo la kweli lisilo na mlango.

Najua kinachowatia watu hofu hapa ni heshima ya mwanadamu. Hofu hiyo ina historia. Wasomi wengi wa Ulaya wa karne ya 19 walipanga watu kwa madaraja, Mzungu kileleni na Mwafrika karibu na nyani, wakaita hilo sayansi. Visukuku na jeni vimewaumbua: watu wote walio hai leo ni tawi moja lililochipuka Afrika, na tofauti za kijeni zilizo nyingi zaidi zimo humu humu barani. Kuhusu dini, nasema tu kwamba mfupa haupimi roho, na anayetumia fuvu kuikana roho amevuka mpaka wa fani yake.

Ila heshima haihitaji mstari. Huko Kilifi, katika pango la Panga ya Saidi, alizikwa mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, yapata miaka 78,000 iliyopita. Ni kaburi kongwe kuliko yote ya binadamu wa aina yetu yanayojulikana Afrika. Mifupa yake ilikuwa imeoza kiasi cha kusagika ikiguswa, ikabidi bonge zima la udongo lifungwe kwa plasta na kupelekwa Nairobi, kisha Hispania. Maabara ikaonyesha mengine: kalazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kifuani, na kichwa kimeinama kana kwamba kilikuwa juu ya mto uliooza zamani. Watafiti wanamwita Mtoto. Umri ule hakuwa amechonga jiwe lolote la maana. Hakupewa heshima ile kwa kufaulu kipimo cha ubongo wala cha zana. Walimpa waliombeba, kwa kuwa alikuwa wao. Naona utu umekaa hapo, na anayeudai ushahidi wa akili kwanza, kwa mgonjwa asiyejitambua au kwa mtoto mchanga, anarudia kosa la sentimita 750.

Ombi langu ni kwa walimu wa historia. Ule mchoro wa foleni, nyani mbele ya nyani mpaka mwanamume aliyesimama wima, ulioenea kutokana na kazi ya Rudolph Zallinger katika kitabu cha Marekani cha 1965, ubandueni ukutani. Unafundisha kwamba kila mmoja alimpisha aliyefuata, wakati Zinjanthropus na Homo habilis waliishi Olduvai zama zile zile. Chora mti wenye matawi. Na kama shule yako iko Karatu au Ngorongoro, wapeleke wanafunzi bondeni wakalione.