Mgeni na Jembe

Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii twamkumbusha nayo mgeni asikae bure. Lakini yamwamuru mwenye nyumba pia, maana jembe ni juu yake kulitoa. Basi tujiulize: mwenye kazi anayemkataa mtu kwa ajili ya asili yake tu, je, atenda haki?

Hapa Lubumbashi swali hili ni la zamani. Katika miaka ya 1920 kampuni ya Union Minière ilihitaji watu wengi wa kuchimba na kuyeyusha shaba, ikawatafuta mbali, hata Kasai na Ruanda-Urundi. Reli ya kutoka Bukama mpaka Ilebo ilipokwisha mwaka 1928, safari ya Kasai ikawa rahisi. Wafanyakazi wakaletwa na wake zao, watoto wakazaliwa kambini, wakasoma, wengine wakawa makarani na mafundi. Wenyeji wakanung’unika kwamba kazi nzuri zinashikwa na wageni. Mwaka 1992 na 1993 watu wa Kasai, maelfu kwa maelfu, walifukuzwa Katanga. Walirundikana kwenye vituo vya gari la moshi vya Likasi na Kolwezi, na wengi walikufa. Kati yao walikuwamo waliozaliwa hapa, wasioijua Kasai hata kidogo.

Kijana akosaye kazi, huku shaba inatolewa chini ya miguu yake, ana haki ya kulalamika. Lakini wadeni wake ni wenye kazi na serikali, si jirani aliyeitwa kushika chepe.

Leo huku Karavia, mtu akitafuta mlinzi au mpishi, au akipokea barua ya kijana aliyemaliza chuo kikuu, mara nyingi huuliza kwanza jina la baba na kijiji cha asili. Asema, “Namtaka mtu ninayemjua.” Kuchungua tabia ni busara, maana anakabidhi funguo. Lakini kabila si tabia. Tena iko dhambi ya pili, iliyojificha: kumchukua mgeni kwa furaha kwa kuwa hana ndugu wa kumtetea, kisha kumlipa nusu. Mwenye kufanya hivyo hampendi mgeni. Aupenda unyonge wake.

Tumkumbuke Yosefu seremala alipokimbilia Misri na Mama na Mtoto. Alihitaji mtu wa kumpa kazi.

Basi tumpime mtu kwa kazi yake na mwenendo wake, tumlipe sawa na mwenyeji. Na aliyekwisha kulima pamoja nasi, tusimwite tena mgeni.